Namba 2 haikuletwa na kanda za video

Wengi hudhani filamu za watu wazima zilianza kupewa mwendelezo miaka ya 1980, kanda za video zilipoingia majumbani. Sivyo. Deep Throat ilitoka Marekani mwaka 1972, na sehemu ya pili, iliyoongozwa na Joseph Sarno, ikafika majumba ya sinema mwaka 1974. Tena ilipunguzwa makali hata ikapewa daraja la R, ambalo Marekani haliruhusu ngono ya waziwazi. Aliyefuata mambo ya filamu ile ya kwanza aliambulia vichekesho. Emmanuelle ya Ufaransa, ya 1974, ilipata ya pili mwaka 1975. Mwaka huohuo Waitalia wakalidandia jina, wakidondosha "m" moja. Hapo hakukuwa na hadithi ya kuendeleza, jina ndilo lililouzwa. Video iliongeza kasi tu, maana gharama zilishuka.