Je, wajua kwa nini kuna "nyekundu" iliyo nyeupe jikoni kwa Wafaransa?

Wapishi wa Kifaransa wana neno fupi, roux. Hutamkwa "ruu", ile x ya mwisho ni ya kuandikwa tu. Ni unga wa ngano uliokaangwa kwenye siagi, uzito sawa kwa sawa, kisha ukamiminiwa maziwa au supu ili mchuzi uwe mzito. Nje ya jiko, neno hilohilo ni la rangi. Mwenye nywele za rangi ya kutu Wafaransa humwita roux, kutoka Kilatini russus, yaani -ekundu.

Mbona basi kuna roux blanc, ambayo ni kama kusema "nyekundu nyeupe"? Mwanzoni lilikuwa beurre roux: siagi iliyokaangwa hadi ikageuka rangi. Neno beurre (siagi) likadondoka njiani, rangi ikabaki kuwa jina. Kwa hiyo hata ukiipua unga kabla haujabadilika, kama inavyofanywa kwa mchuzi mweupe wa béchamel, bado ni roux. Mwaka 1651 mpishi La Varenne alikuwa tayari anaeleza kukaanga unga kwenye mafuta ya nguruwe. Kabla ya hapo michuzi ilifanywa mizito kwa mkate au lozi.

Lakini kwa nini kuukaanga? Mwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka uone: madonge matupu. Pasua moja, ndani utakuta unga mkavu kabisa, kwa sababu wanga wa nje ulivimba mara moja ukawa gundi na kuzuia maji yasipenye. Ndiyo maana sisi unga wa uji huukoroga kwanza kwa maji baridi. Siagi hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: kila chembe hupakwa mafuta, zisishikane.

Tatizo ni kwamba kadiri unga unavyoiva na kunukia kama korosho za kukaanga, ndivyo moto unavyouvunja wanga, na nguvu ya kuufanya mchuzi mzito hupungua. Huko Louisiana, Marekani, roux ya gumbo, mchuzi mzito wa huko, hukaangwa hadi ikawa rangi ya chokoleti. Hapo kazi yake kubwa ni ladha, na mara nyingi uzito huongezwa na bamia. Jina gumbo lenyewe lina asili ya Kiafrika, na maana yake ni hiyo bamia.