Robert Smalls: yanayosemwa na yaliyokuwa

Saa tisa usiku kuamkia tarehe 13 Mei 1862, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, meli ya mvuke ya upande wa Kusini iitwayo Planter ilifungua kamba gatini Charleston, South Carolina. Maofisa wake watatu, wazungu wote, walikuwa wamekwenda kulala mjini kinyume cha amri. Penye sukani alisimama mtumwa wa miaka 23 aliyevaa kofia ya ukindu ya nahodha, akiwa amekunja mikono kifuani vilevile nahodha mwenyewe alivyozoea kusimama.

Wanaomjua Robert Smalls wengi wanamjulia hapo tu. Hata hapo penyewe mambo mengi husimuliwa kombo.

“Alikuwa nahodha wa meli aliyoiteka.”

Hakuwa. Kazi aliyoifanya ni ya rubani, kwa ile maana ya kale ya Kiswahili kabla ndege hazijalichukua neno: mtu anayejua mwamba uko wapi, fungu la mchanga limehamia wapi, na mkondo unavuta upande gani. Alizijua njia za maji za Charleston kuliko waliokuwa wakimtuma. Ila kwa wakuu wa Shirikisho la Kusini, lililokuwa likipigania utumwa udumu, cheo cha rubani hakikumfaa mtumwa. Wakamwita mshika sukani, basi. Sehemu kubwa ya ujira wake ilikwenda kwa bwana wake. Kuwakomboa mkewe Hannah na binti yao alitakiwa alipe dola 800, na akiba yake ilikuwa 100.

“Aliona upenyo akautumia, bahati yake.”

Upenyo aliuona, ndiyo, lakini mpango ulikuwa umeshasukwa. Meli haikukimbilia baharini moja kwa moja. Ilirudi kwanza kwenye gati jingine kuwachukua wanawake na watoto waliokuwa wamejificha wakisubiri, na pamoja na mabaharia wenzake watumwa wakawa watu 16. Ikasonga polepole kama meli yenye shughuli zake, bendera ya Kusini juu, ikipita ngome moja baada ya nyingine. Mbele ya Fort Sumter, yapata saa kumi na nusu alfajiri, Smalls alipiga honi ya siri: ndefu mbili na fupi moja. Mlinzi akairuhusu.

Ilipokwisha kutoka nje ya masafa ya mizinga, bendera ikashushwa, ikapandishwa shuka nyeupe ya kitandani. Hannah, aliyekuwa mtumishi hotelini, ndiye aliyeibeba. Ilikuwa bado kidogo manowari Onward ya Kaskazini, yaani upande wa serikali ya Marekani, iifyatulie mizinga. Kwa hiyo wanaosimulia kama kwamba alikuwa peke yake wanawanyima wenzake 15 haki yao, na mwenye shuka kwanza.

Meli ilibeba mizinga, ila cha thamani zaidi kilikuwa kichwani mwake. Aliwaeleza wakuu wa Kaskazini kwamba waasi wa Kusini wamekiacha kisiwa cha Coles Island, na siku chache baadaye majeshi yao yakaingia mto Stono. Tuzo yake ilikuwa dola 1,500, kwa meli iliyokadiriwa dola 9,000 tu. Mwaka 1900 Bunge la Marekani likaipandisha kufikia 5,000. Mwenye macho ataona makadirio ya kwanza yalikuwaje.

“Alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji.”

Hili linamkosesha hata mwandishi makini. Smalls alipigana vita vile mpaka mwisho, lakini kama rubani wa kiraia, kwa mkataba. Alikuwa ndani ya manowari Keokuk ya Kaskazini tarehe 7 Aprili 1863 ilipopigwa mabomu mara 90 hivi mbele ya Fort Sumter, ikazama asubuhi yake. Desemba mwaka huohuo, Planter ikiwa sasa mali ya Kaskazini, ilikutana na moto mkali. Nahodha mzungu alitaka kusalimu amri, kisha akajificha kwenye bohari ya makaa. Smalls alijua kuwa mabaharia weusi wakikamatwa hawatatendewa kama mateka wa vita. Akaishika meli, akaitoa. Baada ya hapo akapewa unahodha wake, ila mkataba haukuwa kamisheni, yaani cheo rasmi cha ofisa wa jeshi. Matokeo yake aliyaona uzeeni: pensheni ya dola 30 kwa mwezi ilibidi itungiwe sheria maalumu mwaka 1897. Jeshi la wanamaji lilikuja kuipa manowari moja jina la USS Robert Smalls mwaka 2023.

Na ule ujenerali anaotajwa nao? Huo ni wa kweli, ila ni wa wanamgambo wa jimbo la South Carolina, alikofika Meja Jenerali baada ya vita.

“Yeye ndiye aliyemshawishi Rais Lincoln kuwaandikisha weusi jeshini.”

Alikwenda Washington Agosti 1862 pamoja na Mchungaji Mansfield French, na akarudi na barua ya Waziri wa Vita Stanton ya kuruhusu watu weusi 5,000 waandikishwe. Mchango mkubwa huo. Lakini shinikizo lilikuwa limeanza zamani na lilitoka pande nyingi.

“Vita vilipokwisha akawa mwanasiasa wa kawaida tu.”

Mimi naona hapa ndipo pa kukaa, na ndipo wasimuliaji wanapopakimbia. Kwanza tuelewane: Mtanzania akisikia “mbunge wa jimbo” huwaza jimbo la uchaguzi. Majimbo ya Marekani kila moja lina bunge lake lenyewe, lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, na linatunga sheria za shule, polisi, kodi na mahakama. La South Carolina hukaa Columbia.

Kabla ya kuingia humo, Smalls alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo mwaka 1868. Wajumbe 124, zaidi ya nusu yao weusi, katika jimbo ambalo miaka michache tu nyuma kumfundisha mtumwa kusoma kulikatazwa na sheria. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, vita vikiendelea. Akaleta hoja ya shule za umma bila malipo, zilizo wazi kwa watoto wa tabaka zote. Katiba ile ikaziweka shule za umma kwa jimbo zima, jambo ambalo halijawahi kuwepo pale. Maskini wazungu nao walinufaika, ingawa wengi wao hawakumpigia kura.

Mwaka huohuo akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mwaka 1870 Seneti, katika kiti alichokiacha Jonathan Jasper Wright alipopelekwa Mahakama ya Juu ya jimbo. Kutoka huko ndipo alipokwenda Bunge la Marekani, mwaka 1875.

Namna alivyotawala inaonekana vizuri mwaka 1876, wavuna mpunga wa mto Combahee walipogoma. Walikuwa wakilipwa kwa vikaratasi visivyokubaliwa popote isipokuwa duka la mwenye shamba. Gavana alitaka utulivu. Smalls, jenerali yule, akaenda bila kupiga risasi, akazungumza na wagomaji waliokuwa wakimfahamu kwa jina, wakatawanyika.

“Nyumba ya bwana wake alipewa bure.”

Aliinunua. Ni nyumba ya Mtaa wa Prince, Beaufort, ambako alizaliwa mwaka 1839 kwenye kibanda cha uani. Serikali iliipiga mnada kwa kodi isiyolipwa wakati wa vita. Baadaye ikadaiwa mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ikaamua kwa upande wake mwaka 1878. Familia yake husimulia kuwa bibi wa zamani wa nyumba ile alirudi siku moja, akili zimempotea, akidhani bado ni kwake, na Smalls akamwacha akae.

“Alithibitika kuwa mla rushwa.” Na kinyume chake: “Alisafishwa.”

Zote mbili zimekatwa kichwa au mkia. Mwaka 1877, waliokuwa wakipinga haki za weusi wakiwa wamerudi madarakani, alitiwa hatiani kwa kupokea dola 5,000 za zabuni ya uchapishaji alipokuwa seneta, akahukumiwa miaka mitatu. Shahidi mkuu alikuwa karani wa Seneti aliyekiri wizi wake mwenyewe na kuahidiwa kutoshtakiwa. Mwaka 1879 Gavana Simpson akamsamehe, katika maafikiano yaliyofuta kesi za uchaguzi zilizowakabili watu wa chama cha gavana. Msamaha si hukumu ya kutokuwa na hatia, na wapiga kura wa Beaufort waliendelea kumrudisha bungeni.

“Baada ya 1877 hakusikika tena.”

Alikaa Bunge la Marekani, kwa vipindi, hadi 1887, kisha akawa mkuu wa forodha Beaufort, na alifariki mwaka 1915. Lakini mwaka 1895 alirudi Columbia, kwenye mkutano ulioitishwa kuifuta ile katiba aliyosaidia kuiandika. Safari hii weusi walikuwa sita kati ya 160. Mpango ulikuwa kuwanyang'anya kura kwa mtihani wa kusoma na kuielewa katiba, msahihishaji akiwa ofisa mzungu.

Waliposogeza pia kifungu cha kupiga marufuku ndoa za weusi na wazungu, Smalls akaomba kiongezwe kidogo: mzungu yeyote anayeishi na mwanamke mweusi kinyumba asishike wadhifa wa umma. Ukumbi ulichafuka, maana wengi walijua nani angeguswa. Mwishoni wajumbe wakatakiwa kutia sahihi, na ikasemwa kwamba asiyetia asilipwe nauli. Smalls akasema afadhali arudi kwao Beaufort kwa miguu, zaidi ya kilomita 150. Hakutia.