Kabla ya hosipawa, hesabu meno

Vijana wanaotaka kuanza kazi ya kusaga visiki hunipigia simu na swali la kwanza ni lilelile: "Kaka, mashine yako ina hosipawa ngapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za meno, yale ya kwenye gurudumu linalokata kisiki.

Yangu inaendeshwa na Honda GX390, injini ya petroli ya sisi 389, ileile utakayoikuta kwenye jenereta na pampu za maji. Niliichagua kwa sababu vipuri vyake havinihangaishi. Inakula lita 1.1 za oili. Ikiwa mpya unamwaga baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Filta ya hewa kitabu kinasema isafishwe kila saa 50, ila kwa vumbi letu mimi naifungua kila jioni. Injini basi.

Sasa gurudumu. Ncha za meno ni za kabaidi, ngumu kuliko chuma, lakini ikigonga jiwe inameguka. Meno yakiwa makali, mashine inatema vipande vya mti kama kucha. Yakichoka inatema unga, kisiki kinafuka moshi, mkanda unaozungusha gurudumu unalia na kunuka mpira ulioungua. Hapo wengi hukimbilia kukaza mkanda. Wanaua beringi bure, ugonjwa uko kwenye meno.

Niliwahi kukubali kisiki cha mkaratusi uliokuwa nguzo ya uzio. Mti ulishameza seng'enge zamani, kwa juu huoni hata alama. Haikupita robo saa, meno manne yamekwenda, na hela ya siku ile ikaishia dukani. Siku hizi naanza na jembe: nafukua udongo pembeni, natoa mawe, nachokoa ardhi kwa nondo. Halafu namuuliza mwenye nyumba bomba la maji na waya wa umeme vimepita wapi, na kama hapo paliwahi kuwa na uzio.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, chomoa waya wa plagi, upitishe spana kwenye bolti za meno zote. Jino likichomoka gurudumu linazunguka, ni risasi. Mtu asisimame upande linakotupa, na kama kuna dirisha la kioo, simamisha ubao. Usije bila seti ya meno ya akiba na bolti zake. Bolti iliyotumika mimi siirudishi.

Kuhusu wateja: kwenye shamba la wazi, vijana wawili wenye sururu na shoka watakushinda bei, waachie. Wewe fuata kisiki kilichobanana na ukuta, mahali pasipo nafasi ya kuinua shoka. Pima upana wake chini, mizizi inapotanuka, si pale kilipokatwa. Na mkaratusi usiusage juujuu ukaufukia. Mimi nashuka sentimita 30, maana ukichipua, mwenye nyumba atakuita urudi, na safari hiyo halipi.