Themostati si kifaa cha nchi za baridi

Kwenye gereji nyingi za Kampala, gari likichemsha fundi hung'oa themostati na kumwambia mwenye gari kuwa ni kifaa cha nchi za baridi, hapa Uganda hakina kazi. Si kweli. Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta, yanakopozwa, hadi injini ifikie joto lililochapwa juu yake, mara nyingi 82 °C. Ikikosekana, maji hupita kwenye rejeta tangu unapowasha. Ukishika barabara ya Kabale, mji wa milimani wenye baridi, alfajiri, mshale wa joto unaweza usifike mahali pake. Kompyuta ya injini hudhani gari ndio kwanza limewashwa, hivyo huzidisha petroli. Oili nayo hubaki nzito, na gia za otomatiki huchelewa kupanda.

Jipimie mwenyewe: washa injini ikiwa baridi, kisha gusa mpira wa chini wa rejeta (mkono mbali na feni!). Mpira huo ukianza kupata moto wakati mmoja na ule wa juu, themostati haipo au imekwama wazi. Ukinunua nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Kisekka, Kampala, itumbukize kwanza katika sufuria ya maji yanayochemka, isipofunguka, irudishe. Na kile kilicholichemsha gari, pengine rejeta iliyoziba au maji yanayovuja, bado kinakusubiri.