Kabati bila mlango kwenye ramani si kosa la mchoraji

Wengi wanaojenga huku Kisumu wakiona kabati za jikoni hazina milango kwenye ramani, hudhani mchoraji amesahau, au fundi ataacha rafu wazi. Sivyo. Ramani ya sakafu huchorwa kana kwamba nyumba imekatwa kwa mlalo, takriban mita 1.2 kutoka chini, nawe unaitazama kutoka juu. Kabati la chini lina kimo cha milimita 900 hivi, basi unachoona ni ubao wake wa juu. Milango iko chini yake. Kabati za ukutani ziko juu ya mkato, ndiyo maana huchorwa kwa mistari ya vipandevipande. Tafadhali, mistari hiyo haimaanishi “tutaziweka pesa ikipatikana”!

Kabati la nguo ni tofauti. Kwa kuwa ni refu, mkato hulipitia, hivyo milango yake huonyeshwa, mara nyingi pamoja na tao la kufungukia, yaani mstari uliopinda unaoonyesha mlango unavyofunguka. Litazame tao hilo kwa makini: mlango wa milimita 600 ukigonga kitanda, hautafunguka wote.

Milango ya jikoni utaipata kwenye mchoro wa mwonekano wa mbele wa kabati. Mpe seremala wako wa soko la Kibuye mchoro huo pia, si ramani pekee.