Tashtiti ya kisayansi ni nini? Tuitazame La decima vittima

Tashtiti ya kisayansi ni hadithi, tamthilia au filamu inayobuni dunia ya kesho ili iicheke dunia ya leo. Roketi, kompyuta na mavazi ya ajabu huwemo, lakini hoja ni sisi wenyewe: tunavyooana, tunavyonunua, tunavyoabudu, tunavyowatendea wazee wetu, na tunavyolikubali jambo lolote lile mradi lina fomu, muhuri na ofisi. Mtunzi hubadilisha kanuni moja kubwa ya maisha, zilizobaki akaziacha kama zilivyo. Halafu anatuonyesha jinsi kanuni hiyo mpya inavyokaa bila taabu katikati ya zile za zamani. Ikikaa vizuri mno ndipo tunapocheka, na kicheko chenyewe kinauma.

Waliosoma ushairi na fasihi shuleni huenda walifundishwa tashtiti kama swali ambalo muulizaji analijua jibu lake. Hapa ninazungumzia utanzu, ule wa kazi za sanaa zinazoufichua uovu au upumbavu wa jamii kwa kuuchekea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1965, La decima vittima, yaani Mhanga wa Kumi. Iliongozwa na Elio Petri, mzaliwa wa Roma, ikatayarishwa na Carlo Ponti, na wahusika wake wakuu ni Marcello Mastroianni aliyepakwa nywele rangi ya dhahabu, na Ursula Andress, ambaye miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amejulikana duniani kwa filamu ya kwanza ya James Bond. Wazo lilitoka kwa Mmarekani Robert Sheckley, katika hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1953 kwenye jarida la Galaxy. Sheckley alihesabu wahanga saba. Waitaliano wakawafikisha kumi.

Kanuni iliyobadilishwa ni hii: kuua mtu kumeruhusiwa, mradi umejiandikisha. Kuna mchezo wa dunia nzima unaoitwa Uwindaji Mkuu. Kompyuta iliyoko Geneva inachagua majina mawili, la mwindaji na la mwindwa. Mwindaji anapewa habari zote za mtu wake: jina, anwani, tabia. Mwindwa anaambiwa tu kwamba anawindwa. Kila mshiriki anacheza mara kumi, tano akiwa mwindaji na tano akiwa mwindwa, na anayemaliza kumi akiwa hai anapata dola milioni moja. Ukimuua mtu asiyehusika, unafungwa. Serikali zinautetea mchezo huu kwa hoja iliyonyooka: wenye kiu ya damu wamepewa mahali pa kuikata, kwa hiyo vita havihitajiki tena.

Geneva ndiyo ninayoirudia kila nikiitazama filamu hii. Huo ndio mji ilikozaliwa Msalaba Mwekundu mwaka 1863, mji wa mikataba inayolinda majeruhi na mateka, mji uliokuwa makao ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Petri angeweza kuiweka kompyuta ya mauaji popote. Kuiweka pale ni kusema kwamba ofisi safi yenye nia njema inaweza kugawa vifo kwa utaratibu ule ule inaogawia blanketi. Tukumbuke pia mwaka wenyewe. Mgogoro wa makombora ya Cuba, ambapo Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikaribia kupigana kwa silaha za nyuklia, ulitokea Oktoba 1962, na watu wa kizazi kile walikwisha kusikia wakubwa wakieleza kwa sauti tulivu kwamba silaha za kuteketeza miji ndizo zinazolinda amani. Hoja ya Uwindaji Mkuu haikuwa ngeni masikioni mwao.

Sasa tazama yaliyoachwa bila kubadilishwa, maana utamu wa utanzu huu uko huko. Katika Roma hii ya kesho ruhusa ya kumpiga mtu risasi mchana kweupe ipo, lakini mwanamume aliyechoka na ndoa yake hana talaka. Marcello Poletti, mhusika anayeigizwa na Mastroianni, ana mke anayeitwa Lidia na hawara anayeitwa Olga, na njia yake ya kutoka kwenye ndoa bado ni ile ile ya kuomba ibatilishwe. Mwaka 1965 hali ndiyo ilikuwa hiyo nchini Italia: sheria ya talaka ilipitishwa Desemba 1970. Tena jambo hili lilimgusa mtu aliyekuwa akiilipia filamu. Carlo Ponti alifunga ndoa na Sophia Loren mwaka 1957 kupitia mawakili huko Mexico, huku Italia ikimhesabu bado ni mume wa mkewe wa kwanza. Wakashtakiwa kwa ndoa ya wake wawili, ndoa ya Mexico ikafutwa mwaka 1962, na ilibidi wachukue uraia wa Ufaransa ndipo wakaoana upya mwaka 1966. Basi filamu ilipokuwa ikitengenezwa, mtayarishaji wake alikuwa bado anahangaika na sheria ile ile inayochekwa ndani yake. Mtazamaji wa Roma hakuhitaji kuelezwa.

Wazee nao. Katika dunia hiyo sheria inataka wakabidhiwe kwa serikali. Marcello anawaficha wazazi wake nyumbani, nyuma ya ukuta, kama mtu anayeficha magendo. Huyu ni muuaji mwenye leseni, ila uhalifu wake halisi ni kuishi na mama yake. Hapo Petri anawacheka Waitaliano na mapenzi yao kwa mama, lakini anafanya na zaidi ya hapo: jambo pekee la kiutu katika filamu nzima amelifanya kuwa kosa la jinai. Nadhani ndiyo sehemu inayodumu zaidi, na imepita haraka sana kwenye skrini.

Dini imegeuzwa ajira. Marcello ana kundi la waumini wanaokusanyika ufukweni kuliabudu jua linapozama. Yeye ndiye anayewaongoza kulia, na machozi yake ni ya kutengeneza. Ni biashara, na wanaolia pamoja naye wanalia kwa dhati.

Kuna tukio moja ambalo ningeliweka mbele ya mtu yeyote anayeuliza tashtiti inafanyaje kazi. Marcello anamwinda mwanajeshi wa Kijerumani wa ukoo wa kibwanyenye, mtu wa nidhamu na adabu za kale. Hamvizii gizani. Anatega baruti kwenye buti zake za kupandia farasi. Yule bwana, kwenye uwanja wa farasi, anasimama wima kumsalimu mtu, anagonganisha visigino kama alivyofunzwa tangu utotoni, na analipuka. Ameuawa na salamu yake mwenyewe. Tashtiti humshambulia mtu kwa kutumia tabia anayojivunia, na hapa hilo limefanywa kwa sekunde chache, bila mhusika yeyote kulieleza.

Baada ya hapo ndipo anapoingia Caroline Meredith, mhusika wa Ursula Andress. Tumekwisha kumwona mwanzoni, New York, katika klabu iitwayo Masoch, akimmaliza aliyekuwa akimwinda kwa bastola zilizofichwa ndani ya sidiria. Amebakiza mchezo mmoja tu atimize kumi, na kompyuta imempangia Marcello. Anakuja Roma akijifanya mwandishi wa habari anayechunguza maisha ya kimapenzi ya wanaume wa Kiitaliano. Angeweza kumuua siku ya kwanza. Hafanyi hivyo, kwa sababu ana mkataba na kampuni ya chai iitwayo Ming, inayotaka mauaji yafanyike kwenye magofu ya Hekalu la Venus, karibu na Colosseum, mbele ya kamera za televisheni, yawe tangazo. Marcello naye anamshuku, ila hathubutu kufyatua kwanza, maana akikosea ni kifungo. Na punde anatafuta mdhamini wake mwenyewe.

Mapenzi kati yao yanachipuka katika pengo hilo, mmoja akisubiri kamera na mwingine akisubiri uhakika. Sijaona filamu nyingine iliyofanya uchumba utegemee ratiba ya tangazo namna hii.

Ili kuelewa kwa nini chai ina uzito kiasi hicho, inabidi kuijua Italia ya siku zile. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1954. Miaka michache baadaye ukaja ule wanaouita muujiza wa uchumi, ambapo familia zilizokuwa zikifua mtoni zilinunua mashine za kufulia na magari madogo ya Fiat. Tangu mwaka 1957 hadi 1977 kila jioni palikuwa na kipindi kiitwacho Carosello, vichekesho vifupi vilivyoigizwa na wasanii wa kweli, na bidhaa ikitajwa mwishoni tu. Watoto wa Italia walikuwa wakiambiwa: baada ya Carosello, kitandani. Nchi nzima ilikuwa imezoea hadithi inayoishia kwenye jina la kampuni. Petri alichofanya ni kuweka maiti mahali pa kichekesho.

Kuna watu wanaoipenda filamu hii kwa sura yake peke yake, na siwalaumu. Kuta nyeupe, michoro ya duara na mistari inayozungusha macho, magauni ya kijiometri, miwani ya ajabu, majengo baridi ya mawe ya mtaa wa EUR, huko Roma, ambao dikteta Mussolini aliuanzisha kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1942 yasiyofanyika. Gianni Di Venanzo aliyeshika kamera alijua kuufanya weupe uumize jicho. Muziki wa Piero Piccioni unarudia kibwagizo cha kinanda kinachong'ang'ania kichwani, na sauti ya mwimbaji Mina inaelea juu yake. Lakini urembo huo umo kazini. Jamii inayoua kwa sheria ingechorwa chafu na yenye giza, tungejitenga nayo mara moja. Kwa kuwa imechorwa maridadi, tunatamani nyumba zao, tunatamani mavazi yao, na tukishatamani tumeshaingia. Ndiyo maana siafiki wanaosema kwamba mtindo umeifunika hoja.

Hapo pia ndipo tashtiti ya kisayansi inapoachana na ndugu zake. Hadithi ya jamii ya kutisha, ile ambamo dola inamponda raia na raia anajua kwamba anapondwa, inataka tuogope. Kichekesho cha kawaida kinataka tufurahi. Katika tashtiti wahusika hawaogopi wala hawashangai: kwao ni Jumatatu tu. Anayeshangaa ni mtazamaji, peke yake. Mhusika mmoja akisimama na kutangaza kwamba mambo haya ni maovu, kazi imekwisha kuwa hotuba.

Na si lazima kanuni inayobadilishwa iwe mbaya. Mwandishi wa Kenya Katama Mkangi, katika riwaya yake Walenisi (1995), alifanya kinyume. Dzombo anahukumiwa na serikali dhalimu, anapakiwa kwenye chombo cha angani ili akafie huko, na anatua katika nchi ya watu walio sawa, ambako kila swali lake la kawaida linaonekana la kishenzi. Petri aliuzidisha ubaya wetu hadi ukawa mchezo. Mkangi aliuondoa, akatuacha tuuone kwa kukosekana kwake. Shabaha ni ile ile, nayo ni msomaji aliyekaa kitini mwaka huu.

Filamu ya Petri ina udhaifu mkubwa mmoja, nao uko mwishoni. Hadithi ya Sheckley inafungwa kwa risasi: aliyependa ndiye anayekufa, na anayeua anafurahia ushindi wake. Filamu inageuzageuza nani kamuua nani, kisha inawapandisha wapenzi ndege pamoja na kasisi, ndoa inafungwa kwa kutishiana bastola, na bastola inatoa maua. Mtayarishaji ndiye aliyetaka mwisho wa furaha. Unaweza kuutetea kwa kusema kwamba ndoa isiyo na talaka ndiyo uwindaji wa mwisho, na utetezi huo una nguvu kiasi. Bado naona umelegeza kamba iliyokuwa imekazwa kwa saa nzima na nusu. Petri mwenyewe alikuja kuonyesha uwezo wake pale asipolegeza: filamu yake ya mwaka 1970, kuhusu ofisa wa polisi anayeua na kuacha ushahidi makusudi aone kama kuna atakayethubutu kumkamata, ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

La decima vittima imeacha alama katika sehemu nyingi. Sidiria yenye bastola na jina la chai ya Ming vilirudi katika filamu za Austin Powers, ambako Ming Tea ni jina la bendi. Michezo ya kuuana kwa zawadi imekuwa aina nzima ya filamu na tamthilia za televisheni, kutoka Japani hadi Marekani na Korea Kusini. Nyingi kati ya hizo zimechukua mbio na damu zikaacha mke, mama, chai na ofisi, na bila hivyo sioni tashtiti, naona mashindano.

Tatizo jingine ni la hadhira, na hili hakuna mtunzi anayeliweza. Mwaka 1970 televisheni ya Ujerumani Magharibi ilirusha filamu iitwayo Das Millionenspiel, yaani Mchezo wa Milioni, iliyotokana na hadithi nyingine ya Sheckley ya mwaka 1958: mshindani anakimbizwa na wauaji siku kadhaa, akinusurika anapata milioni moja ya mark. Ilitengenezwa ifanane kabisa na kipindi cha kweli, pamoja na mtangazaji na matangazo ya biashara katikati. Baadhi ya watazamaji walikasirika na kulalamika kituoni. Wengine waliandika barua kuomba nafasi ya kushiriki, wapo waliotaka kukimbia, na wapo waliotaka kuwa miongoni mwa wauaji.