Je, wajua kwa nini mbaruti, gugu lile la miiba, hurudi shambani kila mwaka?

Umeung'oa msimu uliopita, mvua za kwanza zimenyesha, na mbaruti umechipua tena palepale. Mizizi uliyoiacha si chanzo kikuu. Tatizo ni mbegu. Tunda moja huweza kubeba mbegu 300 au zaidi, nazo hulala udongoni miaka kadhaa zikisubiri jembe lizifukue.

Asili ya mmea huu ni Mexico na nchi jirani, ila leo umeenea katika nchi nyingi za joto, na umefika hadi Ngorongoro. Wengi huudhani mbigili kwa sababu ya miiba, kumbe ni wa ukoo mmoja na mpopi, mmea unaotoa kasumba. Majani yake ni ya kijani chenye weupe, yamekatikakatika, na mishipa yake ni myeupe. Ua ni la manjano, lenye petali pana na nyororo. Ukiwa na shaka, kata shina: likitoa utomvu wa manjano, ndiwo.

Ng'ombe na mbuzi huukwepa kwa miiba na uchungu wake. Wanapomaliza nyasi za pembeni, wao wenyewe wanaupa nafasi ya kutawala malisho. Ndiyo maana ukiuona umetanda, jua ardhi hiyo imelishiwa kupita kiasi au imeachwa wazi.

Linalonitia hofu zaidi ni zile mbegu, kwani ni ndogo, nyeusi, na zinafanana mno na haradali. Mafuta yake yana sumu inayovimbisha miguu, kudhoofisha moyo na hata kuleta presha ya macho. Mjini Delhi, mwaka 1998, watu zaidi ya 60 walifariki baada ya kula mafuta ya haradali yaliyochanganyika nayo. Tafadhali, usinunue mbegu za kukamulia mafuta bila kuzichambua.

Dawa yake ni kuwahi. Ung'oe ungali mchanga, kabla haujachanua, udongo ukiwa na unyevu ili mzizi utoke wote. Vaa glavu nene. Ikiwa matunda yameshafunga, usiuache juu ya tuta wala usiutupe kwenye mboji, kwa kuwa tunda likikauka hupasuka juu na kumwaga mbegu. Ukusanye na uuchome. Kisha funika udongo kwa matandazo au panda kunde, na urudie palizi hiyo kila mvua zinaporudi, mpaka akiba iliyo chini ipungue.